Kuchagua na Kufunga Betri Mpya ya Gari Unguja na Pemba

Mtu aliyeamka gari lake likakataa kuwaka, akifika dukani swali lake la kwanza huwa ni jina la kampuni: betri gani inadumu? Swali hilo si baya, lakini halistahili kutangulia. Katika visiwa vyetu betri nyingi hufa mapema kwa sababu zisizohusiana na jina lililobandikwa ubavuni mwake. Ama gari lilikuwa na hitilafu nyingine ambayo haikutafutwa, ama betri iliyonunuliwa haikuwa ya kipimo cha gari hilo, ama ilifungwa ovyo. Mwenye kuyashughulikia mambo hayo matatu anaweza kununua betri ya kampuni ya kawaida na ikamfaa kwa miaka.

Hakikisha betri ndiyo mbovu

Anza na macho na mikono kabla ya kutafuta mita. Fungua boneti, kamata kila kibano cha waya kilichoshika kichwa cha betri, kisha ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, hata kidogo, hujafika bado kwenye tatizo la betri. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, kama ya Nungwi, Paje au Mkoani, chumvi iliyomo hewani huharakisha kutu, na ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri huzuia umeme usipite inavyotakiwa. Taa za dashibodi zitawaka kwa sababu zinahitaji umeme mdogo, ilhali stata, mota inayozungusha injini ili iwake, ambayo huvuta zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo mmoja, italia “tak” na kunyamaza. Kusafisha vichwa na kukaza vibano hakugharimu chochote, na wapo watu waliouziwa betri mpya kwa sababu tu hakuna aliyelijaribu hilo kwanza.

Baada ya hapo ndipo itumike multimita, yaani mita ya kupimia volti. Pima asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, kwa kuwa betri iliyotoka kuchajiwa huonesha volti za juu zisizo za kweli. Betri ya volti 12 iliyojaa huonesha takriban 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kiasi cha robo tatu, 12.2 ni nusu. Na ikiwa ni 12.0 imebaki karibu robo. Hata hivyo volti ndogo peke yake haithibitishi kwamba betri imekufa, kwa sababu huenda ilikuwa haipati chaji ya kutosha. Ichajiwe ijae, iachwe saa kadhaa bila ya kuunganishwa na kitu, kisha ipimwe tena. Ikiporomoka yenyewe, imekwisha. Ikiganda kwenye 10.5 au karibu ya hapo hata baada ya kuchajiwa, basi chumba kimoja kati ya vyumba vyake sita kimekufa, maana kila chumba hutoa takriban volti 2.1, na betri ya namna hiyo haina dawa. Kipimo kingine cha kuaminika ni kumwomba mtu awashe gari huku wewe ukitazama mita: betri yenye afya haiteremki chini ya volti 9.6 hivi wakati stata inazunguka.

Gari likishawaka, mita ioneshe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, tatizo ni alteneta, mashine inayoichaji betri injini ikizunguka, au mkanda wake, na betri mpya itamalizwa kama ile ya zamani. Ikizidi 15, alteneta inaichemsha betri na kuikausha maji. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo washa taa kubwa kabla ya kuisoma mita. Aidha, ikiwa betri hulala imejaa na kuamka imeisha, atafutwe fundi umeme apime umeme unaovuja wakati kila kitu kimezimwa; kiasi cha miliampea 50 kinavumilika, lakini redio au alamu iliyoungwa bila ya utaalamu inaweza kuvuta mara nyingi zaidi ya hapo.

Kuna desturi moja ya gereji ambayo sina budi kuionya. Fundi huwasha gari, kisha huchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, na gari lisipozima hutangaza kwamba alteneta ni nzima. Kwa magari ya zamani yasiyokuwa na kompyuta jambo hilo lilipita salama mara nyingi. Kwa gari la leo, betri inapotolewa ghafla volti za alteneta huruka juu, na kinachoungua kinaweza kuwa kompyuta ya injini, ambayo bei yake haifanani hata kidogo na bei ya betri. Multimita hutoa jibu lile lile bila ya hatari hiyo.

Pemba nako, kwa kuwa kisiwa kina vilima vingi, wenye magari ya gia za mkono wamezoea kuegesha mteremkoni ili asubuhi gari literemke lenyewe na kuwaka bila ya stata. Ni ujanja mzuri siku ya dharura. Ukifanywa kila siku huficha betri inayokufa mpaka siku gari litakapozimika bandarini Mkoani, mahali tambarare, abiria wakiwa wanasubiri. Gari la otomatiki, bila shaka, halina ujanja huo kabisa.

Kusoma alama za betri

Magari mengi tunayotumia yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na betri zake hufuata alama za Kijapani. Chukua mfano wa 46B24L. Namba ya mwanzo, 46, ni daraja la nguvu. Haina maana ya ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri huhifadhi, kama wengi wanavyoamini. Kinachowapoteza watu ni kwamba betri hiyo huwa na takriban ampea-saa 45, kwa hiyo wanadhani wamepatia, lakini 55D23L ina takriban 60, na hapo hesabu yao huanguka. Herufi ya katikati ni upana na kimo cha kasha: B ina upana wa milimita 129 hivi, na D ina 173. Namba inayofuata, 24, ni urefu wa kasha kwa sentimita. Baadhi ya maduka bado hutumia majina ya zamani, ambapo NS60L ndiyo hiyo hiyo 46B24L, na NS70L ni 65D26L.

Herufi ya mwisho ndiyo inayoleta balaa ikipuuzwa. Iweke betri mbele yako, vichwa vikiwa upande wa karibu nawe. Ikiwa kichwa cha chanya, chenye alama ya kujumlisha, kiko mkono wako wa kulia, hiyo ni L. Kikiwa mkono wa kushoto, ni R. Ukiambiwa dukani kwamba L na R ni sawa, usikubali. Waya za gari zimekatwa kwa urefu unaofika upande mmoja tu, na mtu akizivuta kwa nguvu ili zifike ama atazikata ndani kwa ndani, ama, jambo baya zaidi, atafunga chanya kwenye hasi. Kosa hilo la sekunde moja huunguza fyuzi kubwa, na mara nyingine diodi za alteneta.

Kuna pia suala la unene wa vichwa. Betri za kasha B hutengenezwa kwa vichwa vyembamba au vinene, na zile zenye vichwa vinene huongezwa herufi S mwishoni, kama 46B24LS. Mtu akinunua betri ya vichwa vyembamba ilhali vibano vya gari lake ni vya vinene, utamkuta anapigilia msumari au kuzungushia karatasi ya sigara ili kibano kishike. Mshiko wa namna hiyo hupata moto, hulegea, na hurudisha tatizo lile lile la stata kulia bila ya kuzunguka. Tumia vikombe vya risasi vinavyovalishwa juu ya kichwa chembamba, au bora zaidi, rudi dukani ubadilishiwe.

Kanuni ya ununuzi, basi, ni kubaki na kasha lile lile, upande ule ule na unene ule ule wa vichwa. Daraja la nguvu pekee ndilo unaloweza kulipandisha, kwa mfano kutoka 46B24L kwenda 55B24L, bila ya madhara yoyote. Kuhama kutoka B24 kwenda D23 kwa kuwa “kubwa ndiyo imara” ni kosa: haitakaa kwenye sinia lake, yaani bamba inapokalia, kishikizo kinachoibana hakitafunga, na gari likipita kwenye njia za mawe za shamba vichwa vyake vinaweza kugusa boneti. Nakili alama za betri ya zamani kabla ya kutoka nyumbani, lakini zilinganishe pia na kitabu cha gari kama kipo, kwani huenda aliyelimiliki kabla yako alishafunga isiyo yake.

Utakutana vilevile na namba ya nguvu ya kuwashia katika baridi. Namba hiyo hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo hata kipupwe chetu hakijapata kuisikia. Isikushughulishe sana. Adui wa betri hapa ni joto la kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ambalo hukausha maji na kula vyuma vya ndani. Adui wa pili ni safari fupi za mjini, kama kutoka Mwanakwerekwe hadi Darajani na kurudi, kiyoyozi na muziki vikifanya kazi muda wote na alteneta haipati nafasi ya kurudisha kilichotumika. Kwa hiyo tazama zaidi ampea-saa, na uliza imetengenezwa lini.

Kuhusu aina, maoni yangu ni haya. Mtu anayefungua boneti kila mwezi anunue betri yenye vizibo, kwa sababu maji yakipungua katika joto letu anaweza kuyaongeza. Asiyefungua boneti mpaka gari limharibikie, na hao ni wengi, achukue iliyozibwa kabisa. Magari yanayojizima yenyewe kwenye foleni na kuwaka tena huwa na alama za aina nyingine, kama M-42, N-55 au Q-85. Hayo yarudishiwe betri ya aina hiyo hiyo, kwani ya kawaida haitastahimili kuwashwa mara nyingi namna ile. Magari ya haibridi, yanayotumia mafuta pamoja na umeme, kama Aqua na matoleo mengi ya Prius, yana betri ndogo ya volti 12 iliyowekwa nyuma, ndani ya gari, yenye mpira mwembamba wa kutolea gesi nje. Usiweke betri ya kawaida mahali hapo, na usiguse waya wowote wa rangi ya machungwa.

Dukani na njiani

Betri iliyokaa rafu muda mrefu hupungua chaji yenyewe, na dukani penye joto hupungua haraka zaidi. Omba ipimwe kabla ya kulipa. Ikiwa chini ya volti 12.4, omba nyingine, na wala usiridhike na ahadi kwamba itachajiwa barabarani. Betri kavu zinazotiwa asidi dukani hazina ubaya, na faida yake ni kwamba hazizeeki upesi zikiwa kavu, ila zinataka subira: baada ya asidi kutiwa, iachwe kiasi cha nusu saa ili inywe, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa. Baada ya siku hiyo asidi haiongezwi tena maishani mwa betri, isipokuwa maji safi yaliyotoneshwa. Kasha lisiwe limevimba wala kupasuka, tarehe ya mauzo iandikwe kwenye risiti na kwenye betri yenyewe, na masharti ya dhamana yasomwe hapo hapo.

Zipo pia betri zilizotumika, na zipo “zilizofufuliwa” kwa kumwagwa asidi ya zamani na kutiwa mpya. Bei yake huvutia. Vyuma vilivyoliwa ndani haviponi kwa kubadilishiwa maji, na kwa mwenye gari la abiria siku moja ya kulala njiani inatosha kumaliza faida yote aliyodhani ameipata.

Anayeagiza kutoka Unguja kwenda Pemba aandike alama zote, pamoja na L au R, kwa maandishi wala asitaje kwa simu tu, kwa sababu kurudisha betri kwa meli ni usumbufu mkubwa. Betri isafiri imesimama wima, vichwa vimefunikwa kwa mpira au plastiki, mbali na vyakula na nguo.

Kufunga

Vua saa, pete na bangili, kunja mikono ya kanzu, vaa glovu ukiwa nazo, na weka ndoo ya maji karibu. Asidi ikigusa jicho, lioshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 na mtu apelekwe hospitali. Hakuna kuvuta sigara, kwa kuwa betri hutoa gesi inayolipuka. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima kila kitu, chomoa ufunguo, na subiri dakika chache. Piga picha ya betri na waya zake kwa simu.

Kabla ya kulegeza chochote fikiria redio. Redio nyingi za Kijapani hujifunga umeme ukikatika na kudai namba ya siri ambayo mmiliki hapa hana. Ikiwa redio ni muhimu kwako, mwite fundi mwenye kifaa cha kushikilia umeme wakati betri inabadilishwa, na umkumbushe kwamba katika hali hiyo waya wa chanya unabaki na umeme, hivyo ufunikwe usiguse bodi.

Spana ya namba 10 hutosha kwa magari mengi. Legeza hasi kwanza, ule wenye alama ya kutoa, utoe na uusukume pembeni ambako hautarudi wenyewe. Sababu ya kuanza na hasi ni kwamba bodi yote ya gari ni hasi. Spana ikiwa kwenye chanya huku ikigusa bodi, na hasi bado imefungwa, utaona cheche kubwa na pengine spana itaganda hapo. Hasi ikishatoka, hatari hiyo haipo. Kisha toa chanya. Kibano kikigoma usikipige nyundo wala usikipindue kwa bisibisi. Kilegeze nati, kimwagie maji ya moto, kipanue taratibu, na kitatoka. Fungua kishikizo na unyanyue betri wima kwa mikono miwili, ukikumbuka kwamba uzito wake unaweza kufika kilo 15 au zaidi.

Sinia lioshwe kwa maji yaliyotiwa bikaboneti ya kupikia. Povu likitoka, asidi ilikuwepo. Endelea mpaka litulie, kisha suuza na ukaushe. Ndani ya vibano sugua kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'are.

Weka betri mpya kwa mwelekeo ule ule wa picha, na ufunge kishikizo kabla ya waya. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Utakuta kishikizo kilipotea zamani, betri imebanwa kwa kipande cha ndara na kufungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, nayo inacheza kila gari linapopita shimo. Mtikisiko huo huangusha unga wa risasi kutoka kwenye vyuma vya ndani, na unga ukijaa chini vyuma hugusana. Kishikizo cha chuma ni kitu kidogo, na gereji yoyote yenye mashine ya kuchomelea inaweza kukitengeneza; kibane betri isitikisike, bila ya kulikunja kasha, na kisikaribie kichwa cha chanya.

Sasa funga chanya, ukishushe kibano mpaka chini ya kichwa, kaza, na ukifunike kwa kifuniko chake. Hasi iwe ya mwisho. Cheche ndogo wakati wa kuigusisha ni ya kawaida. Kaza kiasi cha kibano kutozunguka kwa mkono. Ukizidisha, risasi ni laini na itapasuka. Paka vaselini juu ya vichwa na vibano baada ya kukaza, ili hewa ya chumvi isipate pa kuingia.

Washa gari na upime tena volti za alteneta. Mzunguko wa injini unaweza kupanda na kushuka kwa dakika kadhaa mpaka kompyuta ijipange, na vioo vya umeme vinavyopanda vyenyewe huenda vikahitaji kufundishwa upya kwa kushikilia swichi kwa sekunde chache kioo kikiwa juu. Baada ya wiki moja kagua vibano, kwani hulegea kidogo mwanzoni.

Betri ya zamani irudishwe dukani au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikiwa imesimama wima na haijamwagwa. Ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni mawe ya chokaa yanayopitisha maji upesi, na maji tunayokunywa yanatoka chini yake, kwa hiyo asidi na risasi vilivyomwagwa nyuma ya nyumba havibaki hapo. Wala risasi yake isiyeyushwe nyumbani kutengenezea chubwi za mishipi, maana moshi wake ni sumu, na watoto ndio wanaodhurika zaidi.